Shokapu za pikapu nzito: kwa nini zinakufa mapema, na zipi zitadumu

"Habari mtaalamu. Nina pikapu kubwa ya dizeli ambayo ni ya kazi. Siku nyingi nyuma kuna vifaa vya ujenzi, na mara kwa mara huvuta tela. Karibu nusu ya safari zangu ni barabara ya vumbi yenye mawe na vimawimbi visivyoisha. Shokapu za nyuma zimeanza kuvuja tena, na hii ni seti ya pili, hata mwaka haijamaliza. Fundi mmoja ananiambia nifunge ngumu kuliko zote nitakazopata. Mwingine anasema niachane na za oili, nifunge za gesi. Muuza vipuri naye ana zile za kujazwa upepo, anasema zitainua nyuma maana gari likipakiwa linakaa chini sana. Nimechoka kununua. Ipi itadumu?"

Ndugu yangu, umeuliza shokapu ipi itadumu, lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile uliyoipita haraka: gari likipakiwa linakaa chini sana. Shokapu hazihusiki na hilo, na ndilo linaloziua. Ukiliacha hivyo, seti ya tatu nayo itavuja, hata ukiinunua kwa bei mara nne ya hizi.

Kinachobeba mzigo ni springi. Kwenye pikapu nyingi nzito, nyuma kuna springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Ukifungua shokapu zote mbili za nyuma gari likiwa limesimama, litabaki karibu palepale lilipokuwa. Kazi ya shokapu utaijua ukiliendesha hivyo hadi kwenye tuta la kwanza: springi iliyobanwa itarudi juu, itapitiliza, itashuka, itapanda tena, na ekseli ile nzito itacheza nayo. Shokapu ndiyo inayoukata mchezo huo. Ndani yake mna pistoni, iliyofungwa kwenye rodi ya chuma inayoingia na kutoka, inayotembea kwenye oili, na oili inalazimika kupenya kwenye vitundu na visahani vyembamba vya chuma (ndiyo valvu) ambavyo hupinda kidogo kuipa njia. Ukinzani huo hugeuza mwendo wa ekseli kuwa joto. Joto linaingia kwenye oili, kisha linatoka taratibu kupitia ukuta wa shokapu kwenda hewani. Gusa shokapu kwa tahadhari baada ya safari mbaya uone; nzima lazima iwe na joto.

Ndiyo maana barabara ya vimawimbi huchosha shokapu kuliko barabara ya mashimo. Shimo hupiga mara moja, shokapu ikapumzika. Vimawimbi hupiga mara nyingi kila sekunde, mapigo mafupi mafupi, saa nzima bila nafuu. Oili inapata joto na kuwa nyepesi. Kwenye shokapu ya silinda mbili, yaani silinda moja ndani ya nyingine, gesi au hewa iliyo juu ya oili huchanganyika nayo ikawa povu, na povu hupita kwenye vitundu bila kupingwa. Gari linaanza kuyumba, nyuma inaruka pembeni kwenye kona. Ukisimama kwa muda, povu linatulia na shokapu inarudi kazini, ndiyo sababu asubuhi yake dereva hulikuta gari liko sawa na kudhani barabara tu ndiyo ilikuwa mbaya. Sili za mpira zinazoshika rodi haziponi hivyo. Kila joto kali huzikakamaza kidogo, na zikishakakamaa zinaachia oili.

Sasa rudi kwenye gari lako kukaa chini. Springi zikishalemewa, nafasi ya ekseli kupanda inabaki ndogo, na shokapu inafanya kazi karibu na mwisho wake wa chini muda wote. Kati ya ekseli na chesisi kuna stopa za mpira zinazotakiwa kupokea kipigo kabla ya kitu kingine. Kama zimekatika, zimeoza, au kuna mtu alizitoa, basi anayepokea kipigo ni pistoni ya shokapu ikigonga chuma cha chini. Valvu inavunjika, rodi inapinda kwa kiasi ambacho jicho halioni, na rodi iliyopinda inaitafuna sili upande mmoja. Nakisia kwamba shokapu zako zinavuja kwa mchanganyiko wa haya mawili, joto na kugongwa, na ningeanza kuangalia stopa kabla ya kufungua katalogi yoyote.

Hoja ya gesi dhidi ya oili imewapotosha wengi. Hakuna shokapu ya gesi isiyo na oili. Anayefanya kazi ni oili. Gesi, ambayo kwa kawaida ni naitrojeni, ipo ili kuikandamiza oili isitoe povu kwa urahisi. Kwenye shokapu ya silinda mbili gesi hiyo huwa na shinikizo la chini, baa (kipimo cha shinikizo) chache tu. Kwenye shokapu ya silinda moja shinikizo ni kubwa, mara nyingi baa 20 na zaidi, na gesi imetengwa na oili kwa pistoni ya pili inayoelea. Wengine huona rodi ya shokapu ya gesi ikijisukuma nje yenyewe wakadhani inaweza kubeba mzigo. Chukua rodi ya milimita 14 na shinikizo la baa 25: msukumo wake ni kama kilo 40. Kwa tela na vifaa vyako hizo ni kama hazipo.

Kuhusu "ngumu kuliko zote", fundi wako ana nusu ya haki. Springi yenye nguvu zaidi hurudi kwa nguvu zaidi, na shokapu ya asili inaweza kuzidiwa, hivyo ukiongeza springi unahitaji shokapu yenye ukinzani mkubwa zaidi, hasa wakati wa kurefuka. Lakini ugumu uliozidi springi una balaa lake. Kwenye vimawimbi, shokapu ngumu mno huichelewesha ekseli kushuka. Wimbi la pili linafika ekseli bado iko juu, la tatu linaikuta juu zaidi, na baada ya mita chache gari linatembea juu ya stopa kana kwamba halina springi. Gurudumu linapoteza ardhi, breki zinapoteza mshiko, na kila kipigo kinaenda moja kwa moja kwenye vishikizo vya chesisi. Dereva anasema "shokapu hizi ni imara kweli" kwa sababu mgongo unamuuma. Hicho si kipimo.

Za kujazwa upepo zinainua kweli, muuzaji hajakudanganya. Shida ni kwamba uzito wote zinaouinua unapita kwenye bolti na vishikizo vya shokapu, navyo viliundwa kuzuia mtikisiko, si kubeba shehena kutwa. Kwenye gari dogo linalopakiwa mara chache huenda zikamridhisha mwenye nalo. Kwenye pikapu ya kazi na barabara ya mawe, hapana. Kishikizo kikipasuka utachomelea chesisi, na hiyo si kazi ya kutamani. Usizichanganye na mifuko ya hewa inayokaa kati ya ekseli na chesisi. Hiyo ni springi ya ziada halali kabisa, mradi ifungwe mahali ambapo chesisi ilikusudiwa kubeba.

Basi springi kwanza. Pakia gari kama unavyolipakia siku ya kazi, lipeleke kwenye mizani, pima ekseli ya nyuma peke yake, kisha linganisha na kibandiko cha kwenye fremu ya mlango kinachoonyesha uzito wa juu wa kila ekseli. Tela usilisahau: uzito unaokandamiza ndoano unaweza kufika asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela zima, na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, unaielemea ekseli ya nyuma kwa zaidi ya kiasi chake wenyewe, huku ukiinyanyua ya mbele. Kama umevuka kikomo, hakuna springi wala shokapu itakayokihalalisha, punguza mzigo. Kama hujavuka na bado gari linalala, springi zimechoka au kuna jani limevunjika. Zibadilishe, au ongeza jani, au mifuko ya hewa kama siku nyingine unatembea mtupu na hutaki gari lirukeruke. Stopa funga mpya. Ni kipande kidogo cha mpira kinacholinda kila kitu kilicho juu yake.

Hapo ndipo tunaweza kuzungumza aina.

Shokapu ya silinda mbili ina silinda ya kazi ndani ya silinda nyingine. Faida yake kubwa kwako ni kwamba jiwe likibonyeza ukuta wa nje, pistoni iliyo ndani haiguswi, na shokapu inaendelea. Ubaya wake ni joto: oili ya kazi imezungukwa na oili nyingine, kwa hiyo inapoa polepole. Ya silinda moja imegeuza mambo. Oili inagusa ukuta wa nje moja kwa moja, inapoa haraka, gesi haichanganyiki nayo, na ndani ya unene uleule wa nje inaweza kubeba pistoni kubwa zaidi. Pistoni ya milimita 46, kwa mfano, ina eneo zaidi ya mara moja na nusu ya pistoni ya milimita 36, hivyo inatoa ukinzani uleule kwa shinikizo dogo zaidi ndani. Sili na valvu zinafanya kazi kwa nafuu. Lakini jiwe moja likibonyeza ukuta wake mahali pistoni inapopita, mchezo umekwisha siku hiyohiyo. Kuna pia zenye sponji maalumu ya vipovu vilivyofungwa badala ya gesi, ndani ya mwili mnene wa silinda mbili. Huzuia povu vizuri, hubeba oili nyingi, na hazihangaishwi na mawe. Hazina wepesi wa kuitikia wa silinda moja, nami kwa gari la mizigo silihesabu hilo kuwa hasara kubwa.

Jina la kampuni peke yake halikuambii unachonunua. KYB hutengeneza Excel-G ambayo ni ya silinda mbili na Gas-A-Just ambayo ni ya silinda moja, na sanduku zote mbili zina jina lilelile kubwa. Bilstein 5100 ni ya silinda moja yenye pistoni ya milimita 46. Old Man Emu Nitrocharger ni ya silinda mbili. Rancho RS9000XL ina kitufe cha kuzungusha chenye ngazi 9 za ugumu, kitu cha maana kwa mtu anayepakia leo na kesho anatembea mtupu, mradi asitegemee ngazi ya tisa iinue springi iliyolala. Uliza aina, uliza kipenyo cha pistoni, uliza kama imepangwa kwa springi za asili au zilizoongezwa. Muuzaji asiyejua kujibu hayo matatu anauza rangi tu. Na feki zipo za majina yote makubwa: namba iliyogongwa kwenye mwili wa shokapu ilingane na ya katalogi ya mtengenezaji, rodi iwe laini bila mkwaruzo, na ya silinda moja ukiibana ijisukume nje yenyewe. Isiyorudi haina gesi.

Urefu ndio watu wanaokosea zaidi, hasa gari lililoinuliwa au lililobadilishwa springi. Shokapu inatakiwa iweze kujibana zaidi ya mahali ambapo stopa, ikiwa imebanwa hasa, inaisimamisha ekseli; na iweze kurefuka vya kutosha ili ekseli inaponing'inia isiwe shokapu pekee inayoizuia, isipokuwa mtengenezaji wa gari alipanga hivyo. Pima kutoka bolti ya juu hadi ya chini mara mbili: chesisi ikiwa juu ya stendi na ekseli imening'inia, kisha ekseli ikiwa imepandishwa hadi stopa. Kumbuka mpira wa stopa hubanana sana kwenye kipigo kikali, kwa hiyo acha nafasi ya ziada upande wa kubana. Vipimo hivyo viwili vilinganishe na urefu wa shokapu iliyobanwa na iliyonyooshwa kwenye katalogi. Shokapu ndefu "kwa usalama" ndiyo inayogonga chini.

Kabla ya kutoa hela, hakikisha pia kwamba zilizopo zimekufa kweli. Kusukuma kona ya gari kwa mikono hakusemi lolote kwa pikapu nzito. Springi ni ngumu mno hata haitikisiki. Unyevu mwembamba wa oili chini ya sili ulioshika vumbi ni kawaida. Oili iliyotiririka hadi chini na kulowesha mwili si kawaida. Angalia kashata za tairi kama zina mabonde mabonde, na bushi, yaani mipira ya kwenye matundu ya bolti za shokapu, kama zimepasuka, maana kugonga unakosikia kunaweza kuwa bushi tu na shokapu yenyewe ni nzima. Kipimo ninachokiamini ni joto: baada ya nusu saa ya barabara mbaya, linganisha shokapu ya kushoto na ya kulia ya ekseli moja. Iliyobaki baridi wakati mwenzake ina moto haifanyi kazi.

Kwa matumizi uliyoyaeleza, ningefunga nyuma shokapu nene ya silinda mbili au ya sponji, iliyopangwa kwa springi utakazokuwa nazo, kwa sababu ya mawe. Ningeenda kwa silinda moja yenye pistoni kubwa kama barabara zako ni za vimawimbi na vumbi laini zaidi kuliko mawe, au kama ungekubali kuzifunga ngao ya chuma mbele yake. Mwingine anayejua kazi hii atakuambia silinda moja moja kwa moja, na kwa joto ana hoja. Ila jiwe halikupi onyo kama joto linavyofanya. Zile soksi za mpira zinazofunika rodi hulinda dhidi ya mchanga, lakini zikipasuka hukusanya tope na kulisugua palepale ulipotaka pasiguswe, ukizitumia, zichungulie.

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, hata kama inayovuja ni moja. Ya silinda mbili, kabla ya kuifunga, isimamishe wima na uibane na kuinyoosha taratibu mara kadhaa ili hewa iliyojikusanya kwenye silinda ya ndani itoke. Rodi usiishike kwa koleo hata kwa sekunde. Mkwaruzo mdogo unatosha kuikata sili. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikaze mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kwa nguvu inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Ukizikaza ekseli ikining'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema. Shokapu ya gesi usiitoboe, usiikate wala kuichomea.

Uendeshaji nao una neno lake. Upepo uliojazwa kupita kiasi hulifanya tairi kuwa gumu na kumwachia shokapu kila kitu; kwenye vumbi unaweza kupunguza kidogo, ila usishuke chini ya kiwango kinachotakiwa na mzigo ulioubeba, na punguza mwendo. Kwenye kipande kirefu cha vimawimbi simama mara moja moja, zipoe.

Kuna kazi ambazo sitaki uzifanye mwenyewe. Kama mbele shokapu yako imeingia ndani ya springi ya mzunguko kama kitu kimoja, springi hiyo imebanwa kwa nguvu inayoweza kuua ikichomoka. Ipeleke kwenye karakana yenye kifaa sahihi cha kuibana, na baada ya kazi ya mbele pima mpangilio wa magurudumu. Kama gari lako lina shokapu zenye waya wa umeme, ukifunga za kawaida taa ya hitilafu itawaka na mifumo mingine inaweza kuathirika, hivyo uliza kwanza mtu mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya gari. Ufa kwenye kishikizo au chesisi, jani la springi lililovunjika, au gari linalovuta upande mmoja ukishika breki, hayo yanahitaji fundi alione akiwa chini yake. Na usiendelee kupakia ukisubiri.

Ukishafunga kila kitu, tembea kama kilomita 500 ukiwa na mzigo wako wa kawaida, kisha ingia chini na spana. Angalia bolti kama zimelegea, sili kama ni kavu, na uso wa stopa. Stopa yenye alama ya kuguswa mara chache haina neno. Ikiwa imeng'aa kwa kupigwa mfululizo, au ukiona chuma kimegonga chuma juu ya ekseli, mrudie aliyekutengenezea springi. Shokapu ziache kwanza.